Mstari na Mlia: Istilahi za Kioo cha Chogo katika Michezo ya Kompyuta

Mjini Mwanza, kama ilivyo kwingine nchini, televisheni ya zamani yenye kioo kizito na mgongo uliotokeza nyuma huitwa televisheni ya chogo. Jina hili halikupendekezwa na kamati. Limetungwa na watu walioibeba televisheni hiyo mabegani, wakaona kwamba inafanana na kichwa chenye kisogo kilichochomoza, wakaiita hivyo ili kuitofautisha na ile bapa iliyokuja baadaye, ambayo mtaani huitwa flati. Fundi wa Kirumba na mchuuzi wa Makoroboi hawatofautiani katika matumizi yake. Ni jina fupi, lina picha ndani yake, na hufafanua umbo ambalo, kama tutakavyoona, limeletwa na ufundi wenyewe wa chombo.

Makala haya yanahusu jambo ambalo mwanzoni huonekana la kitoto. Kioo cha chogo kimekwisha kutoweka madukani, lakini sura yake inarudi kwa mlango mwingine. Vijana wanaotunga michezo ya kompyuta, na wale wanaocheza michezo ya zamani katika simu na kompyuta za leo, huongeza juu ya picha zao mistari myembamba ya giza, ukungu kidogo, na mpindo wa kingo, ili kioo bapa kifanane na kile cha chogo. Katika Kiingereza alama hizo za giza na mistari yenyewe ya picha hutajwa kwa neno moja tu. Neno hilo likitafsiriwa bila kupimwa, mtungaji wa mchezo atafanya kazi isiyo sahihi, na atakayeumia ni mchezaji.

Yafaa kwanza ikumbukwe kwamba chogo chetu si cha zamani sana. Zanzibar ilipata televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, lakini Tanzania Bara ilingoja hadi mwaka 1994 ndipo matangazo ya televisheni yalipoanza. Watu wa kanda ya Ziwa walizoea zaidi chombo hiki baada ya hapo, hasa kilipoanzishwa kituo cha Star TV chenye makao yake Mwanza. Mitambo ya analojia ilipozimwa, Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, na Mwanza katika mwaka uliofuata, chogo hakikufa siku hiyo. Kiliunganishwa na king'amuzi kikaendelea. (King'amuzi, kwa njia, ni mfano mzuri wa istilahi iliyofaulu: limetokana na kitenzi ambacho kila mtu anakijua, likaja wakati linahitajiwa, na leo hakuna anayeuliza maana yake.) Kwa hiyo kijana wa Igogo anayetaka kurudisha sura ya televisheni ya utotoni mwake hakumbuki kile anachokumbuka Mmarekani wa umri wa baba yake. Anakumbuka chombo cha miaka ya 1990 na 2000, cha mfumo wa mistari 625, kilichofungwa kwenye mashine ya michezo katika kibanda cha kulipia.

Ndani ya chogo mna bunduki ya elektroni. Inakaa nyuma kabisa, katika shingo ya chupa ya kioo, na ndiyo sababu chombo kina kisogo: mwale unahitaji nafasi ya kutosha ili uweze kupindwa na koili za sumaku na kufika kila pembe ya kioo. Upande wa ndani wa kioo umepakwa unga unaong'aa ukipigwa na mwale huo. Mwale huanza juu kushoto, huenda kulia, huzimwa, hurudi kushoto chini kidogo, na kuanza tena. Katika mfumo uliotumika kwetu, picha kamili ina mistari 625, na picha kamili 25 hupita katika sekunde moja. Hiyo ni mistari 15,625 kwa sekunde. Hakuna wakati wowote ambapo picha nzima inachorwa kwa pamoja. Ni nukta moja tu ya nuru inayokimbia, na jicho ndilo linalounganisha.

Sasa mashine za michezo za zamani zilikuwa na hila. Televisheni ilitazamia kupokea picha katika nusu mbili, nusu ya kwanza ikichora mistari ya witiri na ya pili ikijaza ya shufwa katikati yake. Mashine hizo zilituma nusu ileile kila mara, kiasi cha mistari 240, au 288 katika mfumo wetu, na kuichora mahali palepale. Nafasi zilizoachwa kwa ajili ya nusu ya pili hazikujazwa kamwe. Zikabaki giza. Hiyo ndiyo asili ya michirizi myeusi ambayo vijana wanaitafuta leo.

Hapo ndipo tunapotaka kutenganisha. Kile kinachochorwa na mwale ni mstari. Kina nuru, kina rangi, kina habari za picha. Ile nafasi ya giza iliyo kati ya mstari na mstari haikuchorwa na kitu chochote, ni pengo. Tunapendekeza iitwe mlia, kwa wingi milia. Kila Mswahili anajua milia ya pundamilia, anajua pia kwamba mlia huonekana kwa sababu ya kilicho kando yake. Basi tuseme: chogo kina mistari, na kati ya mistari mna milia. Lugha iliyochanganya vitu hivi viwili ilipata kuwaelewesha mafundi wake kwa sababu walikuwa na chombo chenyewe mbele yao. Kijana wa leo hana chombo. Analo neno tu.

Na hasara ya kuchanganya ni hii. Anayedhani kwamba kazi yake ni kuongeza milia huchukua picha, akaitandikia juu yake safu ya mistari myeusi yenye upana mmoja. Nusu ya eneo ikiwa nyeusi kabisa, nusu ya nuru imepotea. Mchezo huo ukichezwa katika simu ufukoni Kamanga wakati wa adhuhuri, mchezaji haoni kitu. Ataongeza mwanga wa simu, na betri itakwisha kabla ya kivuko kufika. Isitoshe, sura yenyewe si ya kweli. Katika chogo, mwale uliobeba nuru nyingi hunenepa. Mahali penye weupe mkali mistari huvimba na kukaribia kugusana, na mlia hubaki uzi mwembamba au hutoweka. Mahali penye giza mistari hukonda na milia hutanuka. Kwa hiyo mlia hauchorwi. Kinachochorwa ni mstari, kwa unene unaofuata nuru yake, na mlia hujitokeza wenyewe. Anayeelewa hivyo hupata picha iliyo na milia na bado ina mwanga.

Lipo jambo jingine la hesabu ambalo watungaji wengi hulipita. Nambari inayohifadhiwa na kompyuta kwa ajili ya nuru si kipimo cha nuru yenyewe. Nambari ya nusu, katika kawaida inayotumika sana, hutoa kiasi cha asilimia 22 tu ya nuru kamili. Anayepunguza au kuchanganya nuru kwa kuzigawanya nambari hizo moja kwa moja hupata giza zaidi kuliko alivyokusudia. Sharti kwanza nambari igeuzwe kuwa nuru, hesabu ifanywe, kisha irudishwe.

Ama kuhusu ukubwa wa kioo, mgawanyo lazima uwe mkamilifu. Kioo bapa hakina mwale. Kina safu za vitone visivyohama, ndiyo maana twapenda kukiita kiwambo, kitu kilichowambwa. Simu yenye safu 720 ikilazwa, kila mstari wa picha ya mistari 240 hupata safu tatu barabara. Televisheni ya safu 2,160 hutoa safu tisa, nazo zinatosha kuonyesha mstari ukinenepa na kukonda. Lakini ile ya safu 1,080, iliyo ya kawaida sana, hutoa nne na nusu. Nusu ya safu haipo. Programu ikilazimisha, baadhi ya mistari itapata safu nne na mingine tano, na jicho litaona mikanda mipana ikipita juu ya picha, ambayo haikuwamo katika chogo wala katika mchezo. Afadhali kutumia safu 960 na kuacha 60 tupu juu na 60 chini.

Mikanda hiyo ya uongo nayo yahitaji jina, na hapa wavuvi watatusaidia. Anayetazama nyavu mbili za dagaa zilizoanikwa moja mbele ya nyingine huona mawimbi mapana yakitembea kila anapohama, ingawa nyavu zenyewe hazina mawimbi. Matundu ya wavu mmoja hayalingani na ya mwingine, na tofauti ndogo hujikusanya. Sababu ni ileile. Twapendekeza mawimbi ya nyavu.

Kadhalika, nyuma ya kioo cha chogo cha rangi mna bati jembamba lenye matundu mengi mno, linalohakikisha kwamba mwale wa nyekundu unafikia unga wa nyekundu tu, na wa kijani wa kijani, na wa buluu wa buluu. Linazuia elektroni zisizotakiwa na kupitisha zinazotakiwa. Sioni jina linaloshinda chekeche. Chogo za Sony zilizoitwa Trinitron, zilizoanza kuuzwa mwaka 1968, hazikuwa na matundu bali nyuzi za wima zilizokazwa kutoka juu hadi chini. Hilo laweza kuwa chekeche la nyuzi. Programu nzuri huiga chekeche pia, lakini katika simu ndogo haifai kulijaribu, maana vitone havitoshi na mawimbi ya nyavu huzuka papo hapo.

Neno kiraba, ambalo baadhi ya watu hulitumia badala ya pikseli, linanipa wasiwasi. Kwa kiwambo ni zuri. Kwa chogo linapotosha, kwa kuwa ndani ya mstari hamna viraba; mwale hupita bila kukatika, na rangi mbili zilizo jirani humwagikiana. Wachoraji wa zamani walilijua hilo wakalitumia. Katika mchezo wa Sonic the Hedgehog wa mwaka 1991, uliotengenezwa kwa mashine ya Mega Drive, maporomoko ya maji yalichorwa kwa safu za wima za maji zikipishana na safu zilizo wazi. Katika kiwambo cha leo huonekana kama pazia la mianzi. Katika chogo kilichounganishwa kwa waya wa kawaida wa picha, safu hizo ziliungana, na mandhari yakaonekana kupitia maji. Mchoraji hakuwa na uwezo wa kuchora maji yanayopenya nuru, akakiachia kioo kimalizie. Anayetafsiri pikseli kuwa kiraba anamwambia mwanafunzi kwamba picha ya kweli ni ile ya pazia. Kwa sababu hiyo naona pikseli libaki, na kiraba litumike pale tu panapokusudiwa umbo la mraba.

Programu zinazoendesha michezo ya mashine za zamani ndani ya kompyuta ya leo, kama MAME iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 1997, au RetroArch, zaweza kuitwa programu igizi, kwa kufuata mfano wa programu endeshi ambalo limekwisha kuzoeleka. Nazo hutumia vijiprogramu vidogo vinavyokokotoa rangi ya kila pikseli kabla haijafika kiwamboni. Wenyewe huviita sheda. Jina hilo si baya kimatamshi, ila halimwelezi mtu chochote. Kipakarangi lingeeleza kazi yake. Wahusika walijaribu yote mawili ndipo lichaguliwe moja, maana istilahi isiyosemwa na wanaofanya kazi hubaki kitabuni.

Limebaki suala la nusu mbili za picha. Mashine ya PlayStation 2, iliyoenea sana katika vibanda vya michezo, haikufanya hila ya mashine zilizoitangulia. Kwa kawaida ilituma nusu zote mbili kwa zamu, mistari ya witiri kisha ya shufwa. Milia iliyoachwa na nusu moja ilijazwa na nyingine baada ya sehemu ya 50 ya sekunde. Kwa hiyo mtungaji anayetaka kuukumbusha mchezo wa mashine hiyo asiweke milia iliyosimama mahali pamoja. Kilichoonekana ni mtetemo mdogo wa kingo za usawa, hasa katika maandishi na mistari myembamba. Namna hii ya kuchora twaweza kuiita uchoraji wa kupokezana, na kila sehemu yake nusupicha, mpaka atakapotokea mwenye jina bora.