Gari la umeme linakula tairi, tazama kabla ya safari
Juzi, kabla ya kuwapeleka watoto Nizwa kwa bibi yao, nilipita kwa fundi Wadi Kabir kutia upepo tu. Akapapasa tairi za nyuma upande wa ndani: kipara! Kwa nje zilionekana nzima.

Gari la umeme ni zito kwa sababu ya betri, na ukikanyaga tu linachomoka, kwa hiyo tairi zinalika upesi. Joto la Maskati nalo linamalizia.

Nilitaka za rahisi, fundi akakataa: "Ndugu yangu, hizi hazibebi uzito huu."

Basi ukinunua, namba ya uzito isipungue ile ya kwenye kitabu cha gari. Soma na tarehe ubavuni: 2325 ni wiki ya 23, mwaka 2025.

Bibi alitungoja siku moja zaidi. Si neno, tulifika salama.