Mbio za Vilimani: Mteremko Haulipi Deni la Mwinuko

Atokaye katikati ya Jiji la Mwanza kwa barabara kuu iendayo Shinyanga hupita Mkuyuni, Butimba na Nyegezi kabla ya kuingia Mkolani. Njia nzima huandamana na vilima vya mawe ya itale, mawe yaliyoganda kutokana na uji wa moto ndani ya ardhi miaka zaidi ya bilioni 2.5 iliyopita, na ambayo mvua na jua vimeyachonga hata yakawa kama yamepangwa na mikono ya watu. Barabara kuu imejitahidi kuvikwepa vilima hivyo. Njia za pembeni, zile zipandazo kwenye makazi, hazikupata nafasi hiyo.

Siku hizi vilabu vya wakimbiaji, ambavyo vijana huviita klabu za joging, vimeenea katika miji mingi ya Tanzania, na si ajabu klabu kufunga safari siku ya Jumamosi ili ishiriki mbio za barabarani katika mji mwingine siku ya Jumapili. Ichukuliwe, kwa ajili ya mfano tu, klabu kutoka Shinyanga, mahali ambapo ardhi ni tambarare, ije kukimbia Mkolani. Wakimbiaji wake wana pumzi nzuri, nao wamezoea mwendo wa kilomita 12 kwa saa. Kwao hesabu ni nyepesi: wakati utakaopotea katika kupanda utarudishwa katika kushuka, kwa kuwa kila kilima kina pande mbili. Hesabu hiyo ina kosa, na kosa lenyewe linafaa kuchunguzwa kwa makini katika darasa la fizikia na la baiolojia pia.

Mwanafunzi mwenye uzito wa kilo 60 apandapo mita 100 kwenda juu huulimbikizia mwili wake nishati ya 60 × 9.8 × 100, yaani juli 58,800, au takriban kilojuli 59. Kiasi hicho hakitegemei kama njia ni ndefu au fupi. Lakini nishati ambayo misuli huitumia ni kubwa zaidi, nayo haipatikani kwa kanuni hiyo peke yake; ni lazima ipimwe. Mwaka 1963 Rodolfo Margaria wa Italia na wenzake walichapisha vipimo vya wakimbiaji katika miinuko mbalimbali, na mwaka 2002 Alberto Minetti na wenzake wakaieneza kazi hiyo kwa kuwapima wakimbiaji hodari wa milimani waliokimbia juu ya mashine ya ukanda huku hewa waivutayo na kuitoa ikipimwa. Kutokana na oksijeni iliyotumika iliwezekana kukokotoa nishati.

Matokeo yao, yakikadiriwa kwa tarakimu nyepesi, ni haya. Katika tambarare mkimbiaji hutumia takriban juli 3.6 kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila mita aendayo. Katika mwinuko wa asilimia 10, yaani njia ipandayo mita 1 kwa kila mita 10, hutumia takriban juli 6. Katika mteremko wa kiasi hicho hicho hutumia takriban juli 2.15. Basi mwanafunzi wetu wa kilo 60 akipanda kilomita 1 hutumia kilojuli 358 hivi, na akishuka kilomita 1 hutumia 129. Jumla ni 487. Lau angekwenda kilomita 2 katika tambarare angetumia 432. Tofauti ya kilojuli 55 imepotea, ingawa amerudi pale pale alipoanzia. Wahenga walisema mpanda ngazi hushuka. Hawakusema kwamba akishuka hurudishiwa alichotumia.

Kwa upande wa saa hasara ni kubwa zaidi. Akitaka kutumia nguvu ile ile aliyoizoea, mkimbiaji wa kilomita 12 kwa saa hana budi kupunguza mwendo hadi kilomita 7.2 kwa saa katika mwinuko huo, naye ataimaliza kilomita moja kwa dakika 8 na sekunde 20. Kwenye mteremko, nguvu ile ile ingemruhusu kwenda kilomita 20 kwa saa. Lakini ni nani atakayeshuka njia ya mawe na kokoto kwa mwendo huo bila kuanguka? Tuseme anashuka kwa kilomita 15, yaani dakika 4. Kilomita mbili zimemchukua dakika 12 na sekunde 20, ilhali tambarare zingemchukua 10. Mwenye kung’ang’ania mwendo wake wa tambarare wakati wa kupanda analazimisha mwili kutoa nishati kwa kasi inayozidi ile ya moyo na mapafu kuleta oksijeni. Kilele chenyewe humkuta anahema, na mbio bado hazijafika nusu.

Sababu ya deni hili kutolipwa iko katika misuli na kano. Katika tambarare kano ya kisigino hufanya kazi kama springi: mguu ukitua hunyooka na kuweka akiba ya nishati, kisha hujikunja na kuusukuma mwili mbele. Katika kupanda, mwili hauna mahali pa kuangukia, hivyo akiba hiyo ni ndogo, na misuli hulazimika kuzalisha karibu kila kitu upya. Katika kushuka mambo hugeuka. Misuli ya mbele ya paja hufanya kazi kama breki. Hujikaza ili kuuzuia mwili, na papo hapo huvutwa na kurefushwa na uzito unaoshuka. Nishati iliyolimbikizwa kwa jasho wakati wa kupanda huishia kuwa joto, kama vile joto la breki za lori linaloshuka mlima. Ndiyo maana mteremko ukizidi asilimia 20 hivi gharama ya nishati haiendelei kupungua, bali huanza kupanda tena.

Huko kujikaza wakati wa kurefushwa ndiko kunakowapata wageni wa vilima. Wengi huamini kwamba maumivu ya mapaja siku ya pili ya mbio husababishwa na asidi ya laktiki iliyobaki misulini. Imani hii imekaa katika viwanja vingi vya shule, na haina budi kuondolewa. Laktiki inayozidi huondoka katika damu kwa muda wa saa moja hivi baada ya mbio. Maumivu huanza baadaye sana, na hufikia kilele chake kati ya saa 24 na 72. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 watafiti wa Sweden waliwashusha watu ngazi mara nyingi, kisha wakachunguza vipande vidogo vya misuli yao kwa hadubini. Waliona kwamba mpangilio wa nyuzinyuzi zilizo ndani ya seli za misuli ulikuwa umevurugika mahali pengi. Hilo ni jeraha dogo, nalo hupona, lakini misuli iliyojeruhiwa hupungukiwa na nguvu kwa siku kadhaa.

Sasa ifikiriwe klabu ile ya Shinyanga imewasili Mkolani Jumamosi asubuhi. Furaha ya safari ni nyingi, na mtu mmoja anashauri wote waikimbie njia nzima mchana huo ili waijue. Hakuna ushauri mbaya kuliko huo. Jumapili, saa 20 hivi baada ya zoezi, mapaja yao yatakuwa yanaingia katika maumivu. Kwa bahati njema mwili una dawa yake: misuli iliyowahi kushuka mara moja, hata kwa kiasi kidogo, hupata kinga ambayo hudumu kwa majuma kadhaa. Mazoezi ya kushuka basi yafanywe majuma mawili au matatu kabla ya safari. Asiye na kilima anaweza kutumia ngazi za jukwaa la uwanja wa michezo, akishuka kwa hatua za taratibu. Jumamosi yenyewe njia ikaguliwe kwa gari au kwa kutembea.

Historia ya riadha ya Tanzania ina mfano wake. Mbio za marathoni za Boston, Marekani, huanza juu na kumalizikia chini, kwa tofauti ya mita 140 hivi. Kilomita za mwanzo humkaribisha mkimbiaji kwa miteremko, halafu, baada ya kilomita 25, huja vilima vya Newton. Kilima cha mwisho hakizidi kupanda mita 30, urefu ambao mtoto wa Mkolani huenda asingeuita kilima. Lakini hufikiwa na mapaja yaliyokwisha kufunga breki kwa zaidi ya saa moja na nusu. Juma Ikangaa alikuwa wa pili huko miaka mitatu mfululizo, 1988, 1989 na 1990. Mwaka 1988 Ibrahim Hussein wa Kenya alimshinda kwa sekunde moja tu, saa 2:08:43 kwa 2:08:44. Mwaka 2025 Alphonce Simbu naye alikuwa wa pili Boston, kisha mwezi Septemba akatwaa ubingwa wa dunia mjini Tokyo.

Mwalimu atakaye kuonyesha mambo haya hahitaji maabara. Mpira mwembamba uonyeshao maji ndani, kama ule ambao mafundi waashi huutumia kusawazisha msingi, pamoja na kamba ya mita 10, vyatosha kupimia mwinuko wa njia iliyo karibu na shule. Wanafunzi watembee mita 200 katika tambarare, kisha mita 200 katika kupanda, kisha 200 katika kushuka, kwa mwendo ule ule wa saa, na kila mara wahesabu mapigo ya moyo kwa sekunde 15 mara wasimamapo. Wapumzike dakika 5 kati ya safari moja na nyingine. Mapigo ya kushuka yatakuwa machache. Siku ya pili waulizwe ni misuli ipi inayouma, kama ipo, na jibu liandikwe ubaoni kando ya tarakimu za jana.