Jina la Ukoo Einstein: Asili Yake na Uchache Wake

Miongoni mwa maswali yanayomkabili mfasiri mara kwa mara ni hili: je, jina la mtu lina maana, na iwapo linayo, yafaa maana hiyo ifasiriwe? Jibu linalotolewa kwa kawaida ni kwamba majina hayafasiriwi. Jibu ni sahihi, lakini aghalabu hutolewa pasipo sababu, na kanuni isiyo na sababu husahauliwa upesi. Katika makala haya tutalichunguza jina moja la ukoo la Kijerumani ambalo kila mwalimu wa fizikia hulitamka, ingawa wenye kulichukua ni wachache mno. Jina lenyewe ni Einstein.

Mtu aliyejifunza Kijerumani kwa muda wa mwaka mmoja hulipasua jina hili papo hapo. Ein ni "moja" na Stein ni "jiwe". Basi Einstein ni "Jiwe Moja". Maelezo hayo huvutia kwa wepesi wake, na hapo ndipo penye hatari. Kamusi za majina ya koo za Kijerumani hupita njia nyingine. Hulihusisha jina hilo na kitenzi cha zamani einsteinen, chenye maana ya kuzungushia mahali mawe, au kupajengea ukingo wa mawe. Katika vitenzi vya Kijerumani, ein ya mwanzoni haihesabu kitu; ni kiambishi kinacholeta dhana ya kuingiza au kutia ndani. Kwa hiyo aliyeitwa Einstein hapo awali alikuwa mtu aliyekaa penye kiwanja kilichozungushiwa mawe, au aliyetoka mahali palipojulikana kwa jina hilo.

Sisi wenyewe tunafahamu jinsi sura ya neno inavyoweza kuficha asili yake. Ki katika neno kitabu haikuwa kiambishi ngeli ilipotoka Uarabuni. Ilikuwa sehemu ya mzizi. Kiswahili kiliipokea, kikaipa kazi, na leo tunasema vitabu bila ya kusita. Mwenye lugha ana haki ya kufanya hivyo. Lakini mtu atakayeeleza asili ya neno kitabu kwa kuanzia na ki- atakuwa amepotea njia, na ndivyo alivyopotea anayeanzia na "moja" katika Einstein.

Majina ya koo yalianza kushika mizizi katika miji ya Kijerumani tangu karne ya 12, biashara na kodi zilipofanya iwe vigumu kuwatenganisha akina Johannes na akina Heinrich kwa jina moja tu. Wengine waliitwa kwa kazi zao: Müller ni msaga nafaka, Schmidt ni mhunzi, Schneider ni mshona nguo. Wengine waliitwa kwa jina la baba, kwa umbo au tabia, kwa mji waliotoka, au kwa mahali walipojenga. Wayahudi wa Ujerumani walichelewa kuingia katika utaratibu huo, kwani walikuwa na wao. Mtu alitajwa kwa jina lake, kisha ben, kisha jina la baba yake. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kuelezwa zaidi, maana ben ya Kiebrania na bin ya Kiarabu ni neno lile lile, na bin tunayo katika majina yetu ya pwani hadi leo.

Wazee wa ukoo huu wanajulikana kutoka mji mdogo wa Buchau, kando ya ziwa Federsee, katika nchi ya Swabia kusini mwa Ujerumani. Mwaka 1665 anatajwa huko Myahudi mmoja, Baruch Moses Ainstein. Tulitazame jina hili kwa makini, kwa kuwa limebeba taratibu mbili kwa pamoja. Baruch Moses ni utaratibu wa kale: Baruch mwana wa Moses. Na kwa kuwa Baruch hutokana na mzizi ule ule uliotupatia baraka na Mubaraka, hatutakosea tukisema kwamba pwani yetu ingemwita Mubaraka bin Musa. Ainstein ndilo jina la ukoo, likiwa limeandikwa kwa ai kama walivyofanya makarani wengi wa kusini wakati ule. Baadaye ai iligeuka ei, na matamshi yakabaki yale yale: kwa masikio ya Mswahili, Ainshtain.

Mwaka huo wa 1665 una uzito katika hoja yetu. Wayahudi wengi wa Ujerumani na Austria walipata majina ya koo kwa amri za serikali tu: katika milki ya Austria mwaka 1787, Prussia mwaka 1812, na Württemberg, ambamo Buchau ilikuwa imekwisha kutiwa, mwaka 1828. Ndipo yalipoenea majina ya mapambo, kama Goldstein, "jiwe la dhahabu". Wapo wanaolitia Einstein katika kundi hilo, kwa kuwa linamalizikia kwa Stein. Huenda ni sawa kwa familia nyingine zenye jina hilo. Kwa familia ya Buchau, kwa maoni yangu, hoja hiyo haisimami, kwa sababu jina lao limetangulia amri ya Württemberg kwa zaidi ya miaka 160. Maelezo ya mahali yanakubaliana zaidi na desturi ya Wayahudi wa karne ya 17, ambao mara nyingi walijulikana kwa mji waliotoka: Oppenheimer wa Oppenheim, Wertheimer wa Wertheim.

Tuje sasa kwenye uchache. Kwanza neno lenyewe. Fizikia yetu ina masafa ya mawimbi na takwimu ina marudio, lakini hakuna hata moja kati ya maneno hayo linalofaa kwa majina ya watu, kwa kuwa jina halirudii, linachukuliwa. Tutasema wingi wa jina, na kinyume chake uchache.

Wajerumani wameupima wingi wa majina yao kwa njia rahisi. Atlasi kubwa ya majina ya koo, Deutscher Familiennamenatlas, iliyoanza kuchapishwa mwaka 2009 chini ya wataalamu Konrad Kunze na Damaris Nübling, ilitumia orodha ya wenye simu za nyumbani ya mwaka 2005. Katika orodha hiyo walikuwamo watu wapatao milioni 28, na majina tofauti yapatayo 850,000. Ukigawanya utapata wastani wa watu 33 kwa kila jina. Lakini wastani huo haumweleze mtu ye yote. Müller peke yake ana wenye simu zaidi ya 250,000, na kwa upande mwingine maelfu kwa maelfu ya majina yana nyumba moja au mbili tu. Ikumbukwe pia kwamba simu moja ni nyumba nzima, si mtu mmoja. Einstein ni katika majina machache sana ya orodha hiyo.

Kwa nini? Msaga nafaka alikuwako katika kila kijiji, kwa hiyo Müller alizaliwa mahali elfu moja kwa wakati mmoja. Jina la mahali padogo huzaliwa mara moja au mara chache. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza, na ni ya kilugha. Sababu nyingine zote ni za sheria na siasa.

Myahudi wa karne ya 17 hakuweza kuhama na kujenga apendapo. Alikaa kwa hati ya ulinzi aliyoilipia, na mji uliweka mpaka wa familia ilizozipokea. Kwa hiyo jina lilikaa pamoja badala ya kutapakaa. Kufikia katikati ya karne ya 19, Wayahudi walikuwa takriban theluthi moja ya wakazi wa Buchau, na Einstein lilikuwa jina la kawaida kabisa mjini humo. Sinagogi yao, iliyojengwa mwaka 1839, ilikuwa na kengele, jambo lililokuwa nadra sana kwa sinagogi. Württemberg ilipowapa Wayahudi haki kamili mwaka 1864, vijana walianza kuondoka kwenda mijini na ng'ambo. Hermann Einstein, aliyezaliwa Buchau mwaka 1847, alihamia Ulm. Huko ndiko alikozaliwa mwanawe Albert tarehe 14 Machi 1879.

Kisha ukaja utawala wa Wanazi. Kwa watumishi wa serikali, sehemu hii ya habari yapasa isomwe polepole, kwa sababu ilianza katika ofisi za usajili. Kwa amri ya tarehe 17 Agosti 1938, kila Myahudi ambaye jina lake la kwanza halikuwa katika orodha iliyotolewa na serikali alilazimishwa kuongeza jina jingine: Israel kwa mwanamume, Sara kwa mwanamke. Amri ilianza kutumika tarehe 1 Januari 1939. Karani hakutumia silaha yo yote. Alitumia kalamu na daftari la vizazi. Lakini tangu siku hiyo mwenye jina alitambulikana kwa polisi, kwa tarishi na kwa mkata tiketi, na orodha zikawa tayari. Sinagogi ya Buchau ilikuwa imekwisha kuangamizwa mwezi Novemba 1938. Wayahudi wa mji walipelekwa makambini katika miaka ya 1941 na 1942, na wengi wao wakauawa. Siegbert Einstein alinusurika katika kambi ya Theresienstadt, akarudi nyumbani, na alipofariki mwaka 1968 hakukuwa na Myahudi mwingine Buchau. Majina ya akina Einstein yamo kwa wingi katika makaburi ya Wayahudi ya mji huo, na hakuna orodha ya simu itakayoyahesabu.

Walioondoka mapema waliponea ng'ambo, si wote. Albert aliuacha uraia wa Ujerumani mwaka 1933 akahamia Marekani, ambako alifariki mwaka 1955. Carl Einstein, mwandishi wa kitabu cha mwaka 1915 juu ya sanamu za Kiafrika, kilichokuwa miongoni mwa vitabu vya kwanza vya Ulaya kuzichambua sanamu hizo kama sanaa kamili, alijiua Ufaransa mwaka 1940 akiwakimbia wanajeshi wa Kijerumani. Hata huko Marekani jina lilipungua kwa njia nyingine, ya kuchekesha kidogo. Mwigizaji Albert Brooks alizaliwa mwaka 1947 akiitwa Albert Einstein. Si vigumu kufahamu kwa nini alilibadili.

Kutokana na haya yote, mfasiri anayekutana na hati ya Kijerumani atazame mambo mawili. La kwanza ni neno Familienname. Fomu zetu nyingine huandika "jina la baba" mahali ambapo nyingine huandika "jina la ukoo", na watu huyachukua kuwa ni kitu kimoja. Baruch Moses Ainstein atuonyeshe tofauti: jina la baba ni Moses, jina la ukoo ni Ainstein. Familienname ni jina la ukoo tu. Hati hizo huwa pia na Geburtsname, yaani jina la ukoo alilozaliwa nalo mtu, ambalo mke hulitaja ikiwa amechukua jina la mumewe. Mke wa pili wa Albert, Elsa, alizaliwa Einstein kwa kuwa walikuwa binamu, akawa Löwenthal kwa ndoa yake ya kwanza, akarudi kuwa Einstein alipoolewa na Albert mwaka 1919. Karani anayedhani kwamba majina mawili yanayofanana ni kosa la chapa, akafuta moja, atakuwa ameifuta ndoa nzima.

La pili ni tahajia. Jina la ukoo la mtu huandikwa kama mwenyewe alivyoliandika. Katika jina lenye watu laki kadhaa, herufi moja iliyokosewa huweza kurekebishwa kwa kukisia. Katika jina la watu wachache, herufi hiyo humtenga mtu na nduguze, na mrithi na haki yake.

Lakini jina likiisha kuwa istilahi, halimhusu tena mwenyewe; hufuata sheria za lugha inayolipokea. Hakuna anayeandika diesel kwa kumheshimu Rudolf Diesel, ambaye jina lake nalo si la kawaida. Tunaandika dizeli, kama tunavyoandika volti na wati. Einstein limekuwa istilahi mara mbili. Elementi ya 99, iliyogunduliwa katika mabaki ya bomu la haidrojeni lililojaribiwa mwezi Novemba 1952 katika bahari ya Pasifiki, ilipewa jina lake. Pia wachunguzi wa mwanga na mimea walilitumia kuwa kipimo: mole moja ya fotoni, ingawa kipimo hicho hakimo katika mfumo wa kimataifa. Tukiliandika neno moja kwa vyote viwili, mwanafunzi atachanganyikiwa. Kwa kuwa tunazo tayari sodiamu na kalsiamu, elementi hiyo yafaa iitwe ainstainiamu, na alama yake ya kimataifa, Es, iachwe ilivyo. Nayo volti na wati zinatuelekeza kukiita kipimo ainstaini, kwa herufi ndogo.