Barabara ya Morogoro na Wenzake wa Mjini: Kweli au Si Kweli?

Mkazi wa Kibamba, kando ya Barabara ya Morogoro, akiaga kwamba anakwenda mjini, anamaanisha Posta au Kariakoo, kana kwamba huku anakoishi si mjini. Ndani ya daladala, madai kuhusu barabara na mitaa mikubwa ya Dar es Salaam ni mengi. Tuyapime sita.

1. Kibamba iko Kinondoni.
SI KWELI. Ilikuwa hivyo kwa miaka mingi, na wapo wanaoendelea kusema hivyo. Wilaya ya Ubungo ilipomegwa kutoka Kinondoni, iliondoka na Kibamba, Mbezi, Kimara na Manzese.

2. Barabara ya Morogoro inaanzia Ubungo.
SI KWELI. Inaanzia katikati ya mji, upande wa bandari, inapita Fire, Jangwani, Magomeni na Manzese, ndipo inafika Ubungo. Dhana hii ilitokana na stendi ya mabasi ya mikoani iliyokuwa Ubungo, ambako safari za wengi zilianzia. Tangu 2021 stendi hiyo iko Mbezi Luis, kwa hiyo mtu wa Kibamba anayekwenda Mbeya haendi tena Ubungo kupanda basi.

3. Mtaa wa Samora umebadilishwa jina zaidi ya mara moja.
KWELI. Waingereza waliuita Acacia Avenue. Baada ya uhuru ukawa Independence Avenue, kisha ukapewa jina la Samora Machel wa FRELIMO, chama cha ukombozi wa Msumbiji kilichoundwa hapa hapa Dar es Salaam mwaka 1962. Si huo peke yake: Pugu Road sasa ni Barabara ya Nyerere, Mtaa wa UWT ni wa Bibi Titi Mohamed, na Ocean Road ilipewa jina la Barack Obama alipozuru nchini mwaka 2013.

4. Sanamu ya Askari iliwekwa na Wajerumani.
SI KWELI. Wajerumani walimjengea sanamu gavana wao, Hermann von Wissmann, na Waingereza waliiondoa baada ya kuuteka mji mwaka 1916. Askari tunayemwona leo Mtaa wa Samora alisimamishwa na Waingereza mwaka 1927, kuwakumbuka Waafrika waliotumika katika Vita Kuu ya Kwanza, wapiganaji na wapagazi.

5. Hifadhi ya barabara kuu ni mita 30 kila upande, popote pale.
SI KWELI, na hapa ndipo dhana ilipowaponza watu. Kwa Barabara ya Morogoro kati ya Kimara na Kiluvya, Serikali ilisimamia mita 121.5 kutoka katikati ya barabara, ikirejea sheria za tangu enzi za ukoloni. Mwaka 2017 majengo mengi yaliyopigwa alama nyekundu ya X yalibomolewa: nyumba za kuishi, maduka, hata nyumba za ibada. Wakazi walikwenda mahakamani. Serikali ilishikilia kwamba aliyejenga ndani ya hifadhi hana fidia. Baadaye ukaja upanuzi wa njia nane kutoka Kimara hadi Kibaha, kilomita 19 hivi.

Posta, historia ya mtaa huandikwa kwenye kibao, na mwenye duka huamka asubuhi duka lake likiwa pale pale, anuani tu ndiyo imebadilika. Kibamba jina la barabara halijaguswa; kilichobadilika ni upana wake, na upana huo umelipiwa na waliokuwa wakiishi kando yake.

6. Barabara hii inaishia Morogoro.
NUSU KWELI. Jina ndilo linaloishia huko. Lami inaendelea hadi Tunduma, mpakani mwa Zambia. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, njia ya Zambia ya kusini, iliyopita Rhodesia, iliingia mashakani, na mafuta yakabebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, wakati sehemu kubwa ya njia ikiwa bado vumbi kiangazi na tope masika. Leo shaba ya Zambia na Kongo inateremka kwa barabara hiyo hiyo kwenda bandarini, na shehena za huko zinapanda, zote zikipita Kibamba. Foleni ikikwama hapa, mwenye mzigo aliyeko Lubumbashi naye anasubiri.