Mtoto Aandikaye 71 Badala ya 17



Juma hili, baada ya swala ya alasiri, mama mmoja wa mtaani petu alitujia barazani ameshika daftari la bintiye aliye Gredi ya 2. Mwalimu ametamka kumi na saba kwa Kiingereza, binti ameandika 71. Ametamka kumi na nne, ameandika 41. Ukurasa mzima umejaa wino mwekundu. "Maalim," akatuuliza kwa sauti ya chini, "huyu mwanangu akili zake zi timamu?"

Tukamwita binti na kumtajia kumi na saba kwa Kiswahili. Akaandika 17 bila kusita.

Somo lao la hisabati hivi sasa ni makumi na mamoja, yaani kutambua kwamba ile 1 katika 17 si moja bali ni kumi zima. Kiswahili chetu hulitamka jambo hili wazi: kwanza kumi, kisha saba, kama ziandikwavyo. Kiingereza, kuanzia 13 hadi 19, hutanguliza mamoja. Mtoto husikia saba kwanza, akaiandika kwanza. Kufika 20 na kuendelea, lugha hiyo hiyo hugeuka ikatanguliza makumi. Nacho Kiarabu anachokisikia chuoni hutanguliza mamoja hadi 99: ishirini na tano huwa "tano na ishirini".

Basi mtazameni mtoto huyu kwa siku moja. Asubuhi asoma kitabu cha shule kutoka kushoto kwenda kulia. Saa moja baadaye ajumlisha 27 na 15, na hapo ni lazima aanzie kulia, kwenye mamoja, apate 12, aandike 2 na kuibeba 1 hadi kwenye makumi, jibu liwe 42. Jioni afungua juzuu, aanzie kulia tena. Ajabu si kwamba hukosea. Ajabu ni kwamba hukosea mara chache.

Nasi tuna la kukiri. Miaka mingi iliyopita tulimsimamisha mbele ya wenzake kijana aliyeanza kusoma mstari wa juzuu kutoka kushoto, tukamwita mzembe. Alikuwa ndiyo kwanza ameanza shule. Hakuna aliyetueleza, wala hatukuuliza.

Tulimwelekeza mama yule kwenye fagio la chelewa. Chomoa chelewa, zivunje vipande vilivyo sawa, binti avihesabu na kufunga kila kumi kwa uzi. Ukimtajia 34, akuletee mafungu matatu na vipande vinne. Ukimtaka ajumlishe 27 na 15, vile vipande saba na vitano atavichanganya, na vikipita kumi atafunga fungu jipya kwa mkono wake mwenyewe; hapo ndipo ataelewa ile moja "inayobebwa" ilitoka wapi. Mtajieni namba kwa Kiswahili kwanza, akishazoea ndipo mrudie kwa Kiingereza.

Upande wa kusoma, darasa lao limefika kwenye dh, th na gh: dhahabu, thumni, ghali. Hapa watoto wetu hawana shida, kwa kuwa sauti hizo wamezizoea chuoni. Binti yule alitusomea kifungu cha mtoto aliyetumwa sokoni, kwa mtiririko mzuri kabisa. Tukamwuliza: alitumwa kununua nini? Akanyamaza, akaanza kukisoma upya tangu mwanzo.

Hili lilitugusa zaidi ya ile 71. Chuoni tumemfundisha kutamka kwa usahihi maneno ambayo bado hajui maana yake, na Qur'ani ina thawabu hata kwa msomaji wa namba hiyo. Lakini ameichukua desturi hiyo hadi kwenye kitabu cha Kiswahili, lugha aliyozaliwa nayo, akidhani kusoma ni kutamka tu. Kina mama, msitosheke na sauti nzuri jikoni mkiwa mnapika. Kila sentensi mbili tatu, msimamisheni mumwulize: nani alikwenda? Kwa nini alirudi mikono mitupu? Wewe ungefanyaje? Dakika kumi zatosha, na asiyejua kusoma pia aweza kuuliza.

Jana mama yule alipita tena barazani. Binti ameandika namba zote za 11 hadi 19 akakosea moja tu. Malalamiko yake sasa ni kwamba fagio limebaki nusu, na ua halijafagiwa.