Kinanda cha Pili: Nyuzi Nne au Nane?

Kijana mmoja mwimbaji, akaaye upande wa Tunda katika Maniema, ametuuliza neno ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo. Anayo ukulele moja, yaani kile kinanda kidogo chenye nyuzi nne, aliyopewa na mjomba wake alipotoka Kindu. Ameipiga miaka mitatu katika kwaya. Sasa, akiisha kuuza mpunga wake, ataka kununua ya pili, naye ameambiwa kwamba ziko zenye nyuzi tano, sita, hata nane. Je, achague ipi? Baba yake naye ana swali lake, nalo ni zito kuliko la mwana: ya pili ni ya nini, hali wadogo zake wawili wangali wanadaiwa ada ya shule ya sekondari?

Tutamjibu kijana kwanza, kwa sababu jibu lake lafungua njia ya kumjibu mzee.

Wengi hudhani kwamba ukulele ilizaliwa Hawaii. Ni kweli kwa sehemu tu. Mama yake ni kinanda kidogo cha Wareno wa kisiwa cha Madeira, chenye nyuzi nne. Mwaka 1879 merikebu iitwayo Ravenscrag ilifika Honolulu ikiwa na Wareno waliokwenda kufanya kazi katika mashamba ya miwa. Kati yao walikuwamo maseremala watatu: Manuel Nunes, Augusto Dias na José do Espírito Santo. Mikataba yao ya shamba ilipokwisha, wakarudia useremala wao, wakaanza kutengeneza vinanda vya kwao kwa miti ya nchi ile, nao wenyeji wakavipenda mno hata wakavipa jina lao wenyewe. Tusisahau kwamba mwaka uo huo, katika visiwa vivyo hivyo, Padri Damiano, Mbelgiji wa Tremelo, alikuwa amekwisha kukaa miaka sita pamoja na wakoma wa Molokai, akiwajengea nyumba, akiwazika, na kuwafundisha kuimba. Alifariki mwaka 1889, na Papa Benedikto wa 16 alimtangaza kuwa Mtakatifu mwaka 2009.

Sasa tuje kwenye nyuzi. Hapa ndipo wanunuzi wengi hupotea, kwa maana hawatofautishi hesabu ya nyuzi na hesabu ya sauti. Nyatiti ya Wajaluo wa Kenya ina nyuzi nane, na kila uzi una sauti yake. Mpigaji wake ana sauti nane mkononi. Lakini ukulele ya nyuzi nane haina sauti nane. Ina sauti nne zilezile za ile ndogo, sol, do, mi, la, ila kila moja imepewa nyuzi mbili zilizokaa bega kwa bega, nacho kidole huzibana zote mbili pamoja. Mtu aliyewahi kuliona udi la waimbaji wa taarabu wa Unguja atafahamu mara moja, maana nyuzi za udi nazo hupangwa mbili mbili. Kwa hiyo ajuaye kupiga ukulele ya nyuzi nne hana jambo jipya la kujifunza kwa vidole vya mkono wa kushoto akipewa ya nane. Na asijidanganye kwamba sauti itakuwa kubwa mara mbili: itakuwa nene zaidi, yenye kung'aa na kutetema, kama waimbaji wawili waimbao wimbo mmoja.

Zile za nyuzi tano na sita ziko kati ya hizo mbili. Ya tano huwa na sol mbili, moja ya juu na moja ya chini. Ya sita kwa kawaida huwa na do mbili na la mbili, nazo mi na sol hubaki moja moja. Hapo kuna mtego. Dukani hupatikana kinanda kingine kidogo chenye nyuzi sita, kifananacho sana na ukulele, lakini hicho ni gitaa dogo kwa kweli: kina sauti sita mbalimbali, la, re, sol, do, mi, la, na kila uzi umesimama peke yake. Asiyejua atanunua kimoja akidhani ni kingine. Dawa yake ni rahisi: tazama nafasi kati ya nyuzi. Zikiwa zimeachana sawasawa zote sita, hilo ni gitaa dogo; zikiwa mbili mbili zimekaribiana na nyingine ziko peke yake, hiyo ndiyo ukulele ya sita.

Je, hizo nyuzi mbili mbili zafaa kwa kwaya ya kijijini? Kwa mpigaji apigaye kwa kukwaruza nyuzi zote pamoja, akiwafuata waimbaji, twakubali kwamba zapendeza sana. Lakini apendaye kudonoa uzi mmoja mmoja kwa kidole, ili kinanda kiseme wimbo wenyewe, ataona taabu, kwa kuwa kila mara hana budi kugusa mbili. Tena kulinganisha nyuzi nane si sawa na kulinganisha nne. Nyuzi mbili za jozi moja zikiachana hata kidogo tu, sikio huumia kuliko uzi ulio peke yake ukilegea. Siku ya Dominika, watu wakiwa wamekwisha kusimama na padri yu mlangoni, mpigaji wa nane bado anazungusha vigingi vyake.

Liko neno jingine, nalo ndilo lituhangaishalo zaidi. Nyuzi nane huvuta karibu mara mbili ya nyuzi nne. Chombo kilichoundwa vema kimetiwa nguvu ndani kwa ajili ya mvuto huo. Kilichoundwa kwa haraka hakikutiwa. Nasi twaijua hewa ya Maniema: unyevu wa msitu, mvua nyingi, kisha jua kali. Gundi hulegea, kile kibao kishikacho nyuzi juu ya tumbo huinuka taratibu, na shingo hupinda kama upinde. Tena, seti ya nyuzi za ukulele ya nane hata katika miji mikubwa ni lazima kuitafuta. Akaaye Tunda atazipata wapi? Kweli, mwenye ukulele ya nane aweza kuondoa nyuzi nne na kuendelea kupiga zilizobaki. Lakini kama ndivyo itakavyokuwa baada ya miezi sita, ya nini kulipia nane?

Sisi twaona afadhali abaki na nne, ila abadili jambo moja. Katika ukulele ndogo, uzi wa sol ulio karibu na kidevu cha mpigaji una sauti ya juu kuliko do inayoufuata. Ndiyo desturi yake tangu zamani, nayo ndiyo iipayo ile sauti ya kucheka. Lakini uzi huo ukiondolewa, na mahali pake pakatiwa uzi mnene wa sol ya chini, kinanda chapata nusu-sauti tano zaidi chini ya do: si, si ya chini kidogo, la, la ya chini kidogo, na sol yenyewe. Wimbo unaoshuka hadi chini ya do, na nyimbo zetu za kanisa hushuka mara nyingi, sasa waweza kupigwa wote bila kurukaruka. Uzi mmoja tu umebadilishwa, nacho kinanda kimepata mapafu mapya.

Wala werevu wa namna hii si mgeni kwetu. Wapiga gitaa wa Kongo wamefanya hivyo kwa njia ya kinyume: huondoa uzi wa nne wa gitaa, ule wa re, wakaweka mahali pake uzi mwembamba wenye re ya oktavo ya juu. Gitaa la namna hiyo huitwa mi-composé, nalo limeleta ile sauti nyororo isikikayo kati ya gitaa la kwanza na lile la kusindikiza katika rumba yetu. Hawakuongeza nyuzi. Naye Jean-Bosco Mwenda wa Katanga, ambaye Hugh Tracey alizinasa nyimbo zake mwaka 1952 huko Jadotville, mji uitwao leo Likasi, alitumia gitaa la kawaida la nyuzi sita, akipiga kwa kidole gumba na kidole cha shahada tu, na bado asikilizaye „Masanga“ hudhani wanapiga watu wawili.

Kwa sol ya chini inafaa chombo kikubwa kidogo kuliko kile cha kwanza. Ile ndogo kabisa, soprano, urefu wa uzi wake ulio huru hupata kama sentimita 34. Hapo uzi mnene hulegea na kunguruma. Tenor, yenye sentimita 43 hivi, yaubeba vizuri. Iliyo kubwa kuliko hiyo, bariton, yenye sentimita 50 hivi, hulinganishwa re, sol, si, mi, sawa na nyuzi nne nyembamba za gitaa. Kama katika kwaya yupo apigaye gitaa, hiyo nayo si mbaya, kwa kuwa nyuzi za nailoni za gitaa zaweza kuifaa. Lakini nyuzi za chuma, wala waya za breki ya baiskeli ambazo vijana hutia katika magitaa ya kujiundia, zisitiwe kamwe katika ukulele ya nailoni: zitang'oa kibao chake.

Hapo ndipo tumgeukie mzee. Baba, swali lako ni la haki, na jibu letu la kwanza ni kwamba ada ya shule ilipwe mbele. Mpunga wa mwaka ujao utaota. Mtoto aliyefukuzwa darasani mwezi wa pili hurudi kwa shida. Lakini usidhani kwamba mwanao ataka kurundika vitu. Mtu mmoja hapigi vinanda viwili kwa wakati mmoja. Ya pili ikifika, ile ya kwanza yatafuta mikono mingine, nayo mikono hiyo imo nyumbani mwako: kwa nini isiwe ya binti yako? Ile ndogo yenye sol ya juu ikwaruze mwendo, hii kubwa yenye sol ya chini ifuate wimbo, nayo kwaya itakuwa na wapigaji wawili kwa bei ya kinanda kimoja. Twamsihi kijana amfundishe dada yake tangu sasa, kabla hajanunua, na mzee amsikilize kwa muda wa Kwaresima moja. Ikiwa mafundisho yamekwama, fedha na ikae.

Paroko naye aulizwe. Mtaguso wa Vatikano wa Pili, katika hati yake juu ya Liturujia ya mwaka 1963, ulikipa kinanda kikubwa cha mabomba heshima ya kwanza, ukaruhusu vyombo vingine kwa idhini ya wakubwa wa Kanisa, mradi vinafaa kwa ibada na heshima ya hekalu. Kongo yetu ilikuwa imekwisha kutoa mfano: mwaka 1958 kwaya ya Padri Guido Haazen huko Kamina iliimba Missa Luba kwa ngoma. Sol ya chini haitamtisha paroko yeyote. Mtindo wa baa ndio utakaomtisha.

Atakapokwenda kununua, kijana aitazame shingo kwa jicho moja, kama seremala atazamavyo ubao. Kisha abonyeze kila uzi penye chuma cha kumi na mbili na kuupiga: lazima utoe sauti ileile ya uzi huru, ila oktavo moja juu. Ikiachana, airudishe mezani hata kama rangi yake yang'aa namna gani. Anunue na seti mbili za nyuzi za akiba. Na kwa safari ya kurudi, juu ya baiskeli au pikipiki, alegeze nyuzi kidogo, akifunge chombo ndani ya kitenge kisha ndani ya mfuko wa plastiki, akivae mgongoni, wala asikifunge nyuma pamoja na bidoni la mafuta.