Mfyatuko wa Umeme Katika Vitu Vyenye Vinyweleo

Mfasiri aandikapo kwamba ndani ya kihami cha waya "umeme umetoka", fundi asomaye huenda akadhani kuwa umeme umekatika, akaushika waya huo. Kumbe lililokusudiwa ni kinyume: chaji iliyolundikana imeruka ghafla mahali isipotakiwa. Kwa tendo hilo twapendekeza neno mfyatuko, kwani mtego nao hufyatuka mara moja, nguvu yake ikaisha papo hapo. Betri ya redio inayopungua nguvu polepole haifyatuki. Hiyo huishiwa chaji.

Mwendo wa mfyatuko waonekana vizuri katika mchanga. Radi ipigapo mchanga mkavu haipenyi kama maji yapenyavyo ukuta wa mtungi. Hushika njia ya hewa iliyo kati ya chembe, ikaivunja hewa hiyo isiweze tena kuuzuia umeme, na joto lake likaziyeyusha chembe za kando. Mchanga wa kwatzi huyeyuka kwenye nyuzi 1,700 hivi za Selsiasi, na njia ya radi huzidi nyuzi 20,000. Zipoapo chembe hizo hubaki bomba la kioo, tupu ndani, pengine lenye matawi mfano wa mzizi. Charles Darwin aliyakuta mabomba ya namna hiyo huko Maldonado, nchini Uruguay, katika safari yake ya miaka ya 1830, akayaeleza. Jicho haliwezi kuifuata radi chini ya mchanga; bomba ndilo lituonyeshalo ilikopita.

Neno vinyweleo nalo lataka hadhari. Vinyweleo vya ngozi vina mlango nje, na vya mtungi huungana hata mtungi ukatoa jasho. Lakini hewa iliyofungika ndani ya kihami cha plastiki haina mlango. Hiyo tuiite kiputo. Hewa huhimili volti 3,000 hivi kwa milimita moja, na plastiki huhimili zaidi ya hapo mara nyingi. Tena mkazo wa umeme ndani ya kiputo huwa mkubwa kuliko katika plastiki iliyokizunguka. Basi mfyatuko hutokea kiputoni tu, bila kuvuka upande wa pili, ukakila kihami kidogo kidogo hata siku moja kikatoboka. Kuandika hapa kwamba umeme "umepita" ni kosa. Haujapita bado, na kazi ya fundi mwenye vipimo ni kuugundua mfyatuko huo mapema, kihami kingali kizima.